Saruji ya Masika

Ndugu zangu wa Jumamosi,

Tangu nirudi mmeniuliza mara tatu yaliyotokea Vidunda, na mara tatu nimewajibu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini hilo si jibu. Nimeona niandike, maana nikisimulia kwa mdomo najijua, nitaruka pale panaponiumiza.

Mnaikumbuka ile riwaya ya Kirusi isiyo na jalada, tuliyoisoma karibu mwaka mzima barazani kwangu, mimi nikiwatafsiria sura baada ya sura. Mnakumbuka pia nilivyobishana nanyi juu ya mhusika wake mkuu, yule bwana asiyejua kudanganya, anayesamehe hata kabla hajaombwa, mpaka watu wa mji wanamwona punguani. Ninyi mlisema ni mwema na mwerevu kuliko wote wanaomcheka. Mimi nilisema wema wa namna ile ni ugonjwa, na nilisema kwa sauti ya mwalimu aliyezoea kutokukatizwa. Jumamosi iliyopita mlishangaa nilipowaachia ushindi bila ubishi. Sababu ni mdogo wangu Yeremia.

Kilosa

Yeremia namzidi miaka sita. Anaishi Ruaha, kwenye shamba aliloachiwa na mama baada ya kumtunza miaka yote ya ugonjwa wake. Kwetu shamba la mama ni la ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba Lazaro yuko juu Vidunda, na kwa miezi kadhaa alikuwa akinipigia simu juu ya jambo moja tu. Yeremia ameacha kipande cha shamba, upana wa kama hatua kumi na tano, kutoka barabarani mpaka mtoni. Hakilimi. Amekiacha ili wafugaji wapitishe ng'ombe wao kwenda kunywa maji.

Ukoo unataka shamba lote lipandwe miwa. Kila wakimwambia aifunge ile njia, anawajibu kwa upole kwamba ng'ombe nao wana kiu. Kibaya zaidi, alionekana sokoni akimwamkia shikamoo kijana wa Kimasai anayeweza kuwa mwanawe wa kumzaa. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane! Watu walicheka wiki nzima. Ndipo mjomba akakata shauri kwamba kikao kikae, na mimi, kaka mkubwa na msomi, nishuhudie kuwa Yeremia hana akili timamu, ili shamba lisimamiwe na ukoo.

Nilikubali. Nilijiambia kwamba namlinda, kwamba siku moja wema wake utamponza. Nikaandika barua kwa mkono wangu, mistari imenyooka, nikaikunja na kuiweka ndani ya riwaya yetu ambayo nilitaka kuirudia njiani.

Sasa sikieni aibu yangu. Siku nilipoiandika, Yeremia alikuwa chumba cha pili. Alikuwa amesikia naumwa homa, akaacha kila kitu akaja Kilosa kuniuguza, maana tangu mama watoto afariki naishi peke yangu. Alinipikia uji siku kumi na mbili. Kila asubuhi aliingia na bakuli, akainama kidogo, "Shikamoo, kaka," nami nikaitika marahaba bila hata kuinua kichwa.

Sikuwa na uso wa kumwambia ukweli. Nikamwambia mjomba ametuita tukajenge kaburi la baba, ambalo kwa miaka tisa limebaki tuta la udongo. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Sawa, kaka."

Asubuhi ya safari nilimkuta barazani, kando yake mfuko wa saruji wa kilo hamsini aliouzungushia nailoni tabaka mbili.

"Ya nini hiyo simenti?" nikamwuliza.

"Si umesema tunajenga kaburi?"

Nikajifanya natafuta miwani.

Kuelekea Zombo

Habari za tiketi na kugombania siti nawaachia, hazina jipya. Basi letu lilizama kwenye tope kabla hatujafika Zombo, tairi za nyuma zote mbili. Kondakta alitushusha akasema ni dakika kumi. Baada ya saa mbili alisema ni dakika kumi tena. Yeremia alikuwa ameshavua viatu na kukunja suruali, anasukuma pamoja na vijana. Basi lilipokataa kabisa, alipanda juu, akaushusha mfuko wake, akajitwisha kichwani.

"Uache," nikamwambia. "Utaletwa na basi."

"Mvua ikiukuta huku utakuwa jiwe, kaka."

Tukatembea. Mimi nilikuwa nimevaa suti nyeusi, ile ya kanisani, kwa sababu nilitaka kikao kinione mtu mzito. Yeye nyuma yangu na saruji kichwani. Ndiyo maana mama mmoja mzee, aliyekuwa akipeta mchele kibarazani kwake, alipotuona aliweka ungo chini na kusimama.

"Poleni na msiba, wanangu."

Tukamwamkia, akaitika, na kabla sijaeleza tulikuwa tumeshakalishwa kwenye mkeka. Alimwita mjukuu wake kwa Kisagara, vikaja mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi yenye tangawizi. Nilikuwa na njaa, nikaanza kula huku nikitafuta namna ya kumtoa kwenye lile kosa.

"Nani amelala?" akauliza.

"Baba yetu, bibi," Yeremia akajibu. "Ila amelala zamani, huu mwaka wa tisa. Tunakwenda kumjengea."

Bibi akatazama mawingu yaliyotanda kuelekea milimani, akanitazama mimi na suti yangu. "Kumjengea sasa hivi? Na mvua zote hizi?"

"Kaka ndiye amepanga," Yeremia akasema upesi. "Mihogo yako mitamu, bibi. Ni ya huku huku?"

Bibi akaanza kusimulia habari za mihogo, na mimi nikashukuru kwamba mazungumzo yamehama. Sikujiuliza kwa nini yalihamishwa. Tulipoaga alitufungia mingine kwenye jani la mgomba, akasema msiba ni msiba hata ukiwa wa zamani. Mbele kidogo tukapata pikipiki mbili, moja ya kutubeba sisi na moja ya saruji, mpaka Mikumi.

Mikumi

Tulifika Mikumi saa tisa, tukaambiwa gari la kwenda Ruaha limeharibika na jingine ni kesho. Nilikasirika. Mnanijua, nikikasirika nahesabu makosa ya wengine, na nilimlaumu Yeremia kwa muda tuliopoteza kwenye mihogo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya mchana.

Tukaingia mgahawa mmoja kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Mwenye mgahawa, Mama Neema, alitupa wali na maharage na mchicha. Mlangoni kulikuwa na ngazi mbili, ya chini imemeguka nusu. Tukiwa tunakula, baba yake Mama Neema, mzee sana, mwenye fimbo, alitoka kwenda kunawa. Mguu ulikosa ngazi, akaenda chini. Yeremia ndiye aliyemfikia wa kwanza.

"Kila siku ni hivyo," Mama Neema akasema, akimfuta mzee matope. "Fundi naahidiwa kesho, kesho. Wiki iliyopita kachubuka mkono wote."

Yeremia alimaliza chakula chake. Akauliza kama kuna koleo na karai, na kama mchanga ule wa nyuma ni wa mtu. Nikajua anachotaka kufanya.

"Yeremia! Hiyo ni simenti ya kaburi la baba."

"Najua, kaka."

"Baba miaka tisa amelala kwenye udongo mtupu, wewe unaijengea hoteli ya watu?"

Akafikiri. Hakuwa akitafuta jibu la kunishinda, alikuwa anafikiri kweli. "Baba hatateleza tena," akasema. "Huyu mzee bado anateleza."

Alifanya kazi mpaka jioni. Alijenga ngazi ya chini upya, akaongeza ya tatu ili mzee asiinue mguu sana, akazifunika kwa gunia bichi na kumwagiza Mama Neema azimwagie maji kila asubuhi. Nusu ya mfuko ikaisha. Watu wa malori walimtania, mmoja akamwita fundi wa bure, naye akacheka pamoja nao. Mimi nilikaa ndani nimefungua riwaya mbele yangu. Barua ilikuwa ukurasa ule ule, na nilisoma aya moja mara tano.

Asubuhi tukisubiri gari alinikuta tena na kitabu.

"Ndicho mnachosoma na wenzako?"

"Ndicho."

"Kinahusu nini?"

Nikamweleza kwa kifupi, juu ya mtu mwema ambaye wenzake wanamwona mjinga. Nilimweleza nikitazama barabara.

"Mwisho wake vipi?"

"Mbaya. Anaharibikiwa akili kabisa. Hata aliowapenda hakuweza kuwaokoa."

Alizungusha kofia yake mikononi. "Hakuwa na kaka?"

"Nani?"

"Huyo bwana. Hakuwa na kaka wa kumsemea?"

Nikamwambia hakuwa naye. Yeremia akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Ndiyo maana." Gari likaja, akaenda kupakia mfuko wake.

Ruaha

Kutoka Kidodi kuendelea ni miwa kushoto na kulia, na masika ikikolea huoni kitu kingine. Yeremia aliomba tushuke kidogo shambani, ahakikishe kama kuku wake walilishwa. Mimi sikuwa nimelitia mguu shamba lile tangu tumzike mama. Nililijua kwa simu za mjomba tu.

Njia ya ng'ombe niliiona mara moja. Imenyooka, imekanyagwa ikawa ngumu, na kila upande amepanda mkonge mnene. Nilitegemea kuona uharibifu. Mahindi yake upande huu na upande ule yalikuwa yamesimama mazima. Kwa jirani, ambaye alifunga kabisa, uzio ulikuwa umevunjwa pande mbili, na Yeremia aliniambia kwamba pale kiangazi kilichopita watu walichomoleana mapanga. Alisema kwa masikitiko, hakuwa anamsuta mtu.

Tukiwa bado tumesimama, akaja kijana wa Kimasai mrefu, shuka begani. Alipomfikia Yeremia aliinamisha kichwa, na Yeremia akamwekea kiganja utosini, kama wafanyavyo wao kwa watoto wao. Nikajua ndiye yule wa sokoni. Jina lake Saitoti. Yeye ndiye aliyekuwa amelisha kuku.

Saitoti alipokwenda nikamwuliza Yeremia, nikijaribu kuwa mpole: "Kijana kama huyu unamwamkiaje shikamoo?"

"Walikusimulia?" Akatabasamu. "Ilikuwa mara moja tu, kaka. Ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yangu alfajiri, wakala mistari minne. Hakuna aliyeona. Mimi nilikuwa sokoni, sina habari. Akanifuata mpaka kule, mbele za watu, bila fimbo, akaniambia, ng'ombe wangu wamekula mahindi yako, nimekuja useme unanifanyaje." Akavunja jani la hindi lililokauka. "Mimi sijawahi kumfuata mtu kumwambia kosa langu ambalo halijui. Hata siku moja. Nikaona kijana huyu amenizidi. Ikanitoka tu."

Nilihisi barua ndani ya mkoba kana kwamba ina moto. Pale ndipo nilipopaswa kumwambia. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama tutawahi kufika mlimani kabla ya mvua.

Vidunda

Masika pikipiki hazipandi Vidunda. Tulipanda kwa miguu, saa nne na zaidi, mimi nikisimama kila kona kutafuta pumzi, yeye na nusu mfuko begani akinisubiri. Suti yangu ilikuwa imegeuka rangi. Tulipita migomba na magimbi, tukamkuta mama mmoja akaniuzia ndizi na kunipa fimbo nisiyoiomba. Nilitamani njia isiishe.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mjomba, watu tisa, wote wa ukoo wa mama. Mjomba Lazaro alikaa kiti cha mikono, mzee mkavu, macho bado makali. Tulimwamkia, akaitika. Yeremia akaulaza mfuko wake mlangoni taratibu, usije ukapasuka. Sala ikasomwa. Kisha mjomba akasafisha koo.

"Yeremia, unajua tumekuitia nini?"

"Kaka aliniambia ni kaburi la baba, mjomba."

Kicheko kikazunguka sebuleni. Binamu mmoja akaelekeza kidole mlangoni. "Na hiyo ndiyo simenti yenyewe?"

"Ndiyo. Imebaki nusu."

Wakacheka tena, na mjomba akainua mkono kama mtu ambaye ushahidi umejileta wenyewe. "Mnaona. Haya, Yeremia, nikuambie wazi. Sisi ndugu zako tunaona akili zako haziko sawa. Umeacha shamba la dada yangu liwe barabara ya ng'ombe. Tunataka lisimamiwe. Unasemaje?"

Yeremia alitazama mikono yake, bado ina mabaka ya saruji ya Mikumi. Sikuwahi kumwona mzee kiasi kile.

"Mimi najiona mzima, mjomba," akasema. "Lakini mtu hawezi kujijua mwenyewe. Kaka amesoma, na amekaa nami wiki mbili hizi. Yeye akisema mimi si mzima, nitakubali."

Wote wakanigeukia.

Nikasimama. Nikafungua kitabu, nikaitoa barua. Ndugu zangu, nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na tano, na sijawahi kukwama kusoma mwandiko wangu mwenyewe. Nilianza kusoma, "Mimi, kaka wa..." na sikuweza kuendelea. Nikaikunja.

"Barua hii niliiandika mimi," nikasema, "Kilosa, nikiwa nakunywa uji aliopika yeye. Ni uongo. Habari ya kaburi nayo ni uongo wangu, nilishindwa kumwambia kwamba namleta kumhukumu. Njia ya ng'ombe nimeiona leo kwa macho yangu. Shamba lake ndilo pekee pale ambalo halijavunjiwa uzio wala kuchomolewa mapanga. Akili zake ni timamu, mjomba. Zangu ndizo zilizopinda."

Mjomba alinitazama, kisha akamtazama Yeremia.

"Basi sasa tunao wawili," akasema, akainuka na kwenda chumbani kwake.

Kikao kikafa hapo. Hakuna aliyetuaga vizuri, na chakula kililetwa kimya kimya, ugali na maharage yaliyopoa. Mpaka leo shamba liko mikononi mwa Yeremia. Najua watajaribu tena, na najua mimi sitaitwa.

Kaburini

Asubuhi yake tulikwenda kwa baba. Kaburi liko mtelemkoni, juu ya shamba la kahawa lililoachwa, na mvua za masika zilikuwa zimelila upande mmoja. Safari hii mfuko niliubeba mimi. Yeremia hakunizuia, alinishika mkono tu penye utelezi.

Nikauweka chini. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, kwamba nimemdanganya tangu Kilosa, na kwamba nilimwacha abebe mzigo ule wote njia nzima kwa ajili ya uongo.

"Nilijua, kaka."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si kaburi." Alisema kwa upole, kama anayenificha aibu. "Kaburi hujengwa kiangazi, watu wakishavuna. Masika nani anajenga? Udongo unatembea, simenti inapasuka. Hata yule bibi wa Zombo alishtuka. Wewe umekaa sana na chaki, umesahau."

Nikakaa kwenye majani yaliyolowa, na suti yangu. Nilimfikiria kwenye tope, kwenye ngazi za Mama Neema, kwenye kona zote za mlima. Nilikumbuka alivyomjibu mjomba, "Kaka aliniambia ni kaburi la baba," na hakuwa amesema uongo.

"Kama ulijua," nikamwuliza, "simenti ulibeba ya nini?"

Alikuwa ameshachutama, anang'oa magugu kando ya tuta. Hakuacha kung'oa.

"Ili watu wakiuliza, usionekane mwongo."

Manyunyu yakaanza. Nilivua koti langu nikalifunika juu ya mfuko, tukausogeza chini ya mti wa mparachichi mpaka tupate pakavu pa kuuhifadhi usubiri kiangazi, ambapo nimemwahidi kurudi na nusu iliyopungua. Kisha nikasimama mbele ya mdogo wangu. Nilitaka kumwambia mengi, na kati ya yote nikapata neno moja tu.

"Shikamoo," nikamwambia.

Yeremia akavua kofia upesi, akageuka nyuma kutazama njiani ni mzee gani anapita.